Mbuzi wa Mugweri

"Nasuru kanunuliwa," aliniambia Cissy, mke wa askari jela, tukianua nguo. "Mugweri kamletea mbuzi. Kesi imekwisha hiyo."

Mzee Nasuru ni jirani yetu hapa Bugembe, mshona magodoro. Vita vilimchukulia cherehani, akaendelea kushona kwa mkono. Bunduki ziliponyamaza na jaji akarudi Jinja, Nasuru alichaguliwa mzee wa baraza: akae kando ya jaji, asikilize, na mwisho aseme mbele ya watu kama mshtakiwa ana hatia. Mshtakiwa ni mtoto wa Mugweri, yule mwenye malori. Anadaiwa kumuua Wasike, mlinzi wa kinu cha mahindi. Mama yake Wasike hutoka Mbale kila kesi ikitajwa. Na kesho ndiyo siku ya Nasuru kusema.

Mbuzi aliletwa kweli, lori nililiona kwa macho yangu. Nasuru hakuwepo. Idd imekaribia, dereva akasema tu, "Sadaka hii." Mkewe, Mariat, akashukuru, akachinjisha, akagawa nyama kila mlango. Mimi nilipata ubavu. Cissy naye alikula, tena akaomba mchuzi.

Nasuru aliporudi akaambiwa lori lilikuwa la nani, hakumgombeza mkewe. Alimfungua beberu wake mwenyewe, aliyemnenepesha kwa ajili ya Idd, akamburura mpaka kwa Mugweri amlipe. Tulimfuata kundi zima, mimi na mtoto mgongoni, kama naenda harusini.

"Mbuzi gani?" Mugweri aliuliza getini. "Mimi nimekutumia kitu, mzee? Rudi nyumbani. Kesho useme vizuri."

"Nitasema kweli."

"Utasemaje kweli na mdomo bado una mafuta?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikaona haya.

Njiani Cissy akamwambia, "Ya mbuzi yanyamazie tu, mzee. Sema ana hatia, afungwe, basi."

"Akifungwa atakata rufaa, aseme mzee wa baraza alikula mbuzi wa baba yake, kisha akamgeuka. Nikimwachilia, nimeuza damu ya Wasike. Mbuzi huyo ana pembe mbili, mwanangu. Lazima jaji aambiwe kabla sijasema neno. Na mimi peke yangu, Mugweri ataniita mwongo."

Wote tuliokula tulitazama chini. Nasuru akasimama mbele yangu, beberu akimvuta mkono.

"Mama Nangobi, lori uliliona. Asubuhi twende wote Jinja, umwambie jaji ulichoona, na ulichokula."