Kona ya Mtaro wa Susu

Ilikuwa Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi. Najua hata dakika kwa sababu nilikuwa nimeingia ndani kuangalia saa ya ukutani, nione maharagwe yamekaa motoni muda gani. Nilipotoka nikakuta mwanamume wa manispaa anachora alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa jiko la Susu. Alipomaliza akahamia kwenye mpera. Mpera una gome laini, rangi haikushika, akairudia mara tatu.

Susu ni nyanya yangu, mama wa Baba. Jiko ni lake, mpera ni wake, na shamba hili dogo lililobaki huku mjini Machakos ni lake pia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akisuka kyondo, kikapu cha katani, na hakuinuka. Tulijua watakuja. Mikutano ilikuwa imefanywa, barua zilikuwa zimeletwa: barabara yetu itapanuliwa, iwekwe lami na mtaro mkubwa wa simiti wa maji ya mvua, na kila boma la upande wetu litakatwa kipande cha mbele. Lakini kujua kitu kwa barua na kukiona kimepakwa rangi ni mambo mawili.

Najua mtu wa miaka kumi na saba akisema "enzi zetu" watu wazima wanacheka. Wacha wacheke. Sisi tuliokulia kwenye hii njia tulikuwa na enzi zetu, na zote ziliishi kwenye hicho kipande cha mbele.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, njia ilikuwa udongo mwekundu tu. Kiangazi tulicheza hapo katikati kwa mpira wa makaratasi uliofungwa na kamba ya katani, na bladda, ile kamba ya mipira, tuliruka hadi vumbi likatupaka soksi ambazo hatukuwa tumevaa. Mapera hatukungoja yaive. Susu alituambia, "Mtakuja kulia chooni," na kweli tukaenda kulia chooni, na kesho yake tukarudi mperani. Ukitumwa chumvi ulikimbia, kwa sababu Susu alitema mate chini na kusema yasikauke kabla hujarudi. Leo mdogo wangu Ndanu, ana miaka minane, ukimtuma chumvi anauliza kama duka haliwezi kupigiwa simu.

Lakini utamu wenyewe ulikuwa mvua. Ikinyesha kule vilima vya Iveti, sisi huku chini tulisikia kwanza harufu, halafu kishindo, halafu maji yanakuja na kila kitu: maganda ya ndizi, ndala moja moja, siku moja kuku mzima akiwa amesimama juu ya karai kama abiria. Mji ulikuwa unajengwa kule juu, mabati na lami vikiongezeka, na maji yote yalikuwa na njia moja, kwetu. Yakitoka kwetu yaliingia kwa Bi Zuhura, jirani wa chini, ambaye mume wake alikuwa na duka la vitambaa sokoni. Msimu mmoja yaliingia hadi chumba cha kulala. Nilimwona Bi Zuhura akitoa godoro nje huku amefunga leso hadi magotini. Aliangalia tu juu, upande wetu.

Wiki hiyo Susu aliita mwethya, kile chama cha akina mama ambao leo wanalima kwa huyu, kesho wanajengea yule. Walikuja na majembe na sururu, wakachimba mtaro kupitia shamba la Susu mwenyewe, kutoka juu karibu na njia hadi chini kwenye bonde, maji yapite kwetu yasiingie kwa jirani. Hakuna mtu aliyewalazimisha. Waliimba siku mbili. Sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, ilichemka chini ya mpera tangu asubuhi, na Bi Zuhura akaleta beseni la mahamri. Sisi watoto tuliambiwa tukae mbali na majembe, kwa hiyo tulikaa karibu na mahamri.

Mtaro ulienda umenyooka vizuri, hadi ulipofika kwenye migomba. Hapo Susu aliwaambia wakunje kona. Wakamuuliza kwa nini, maji yanapenda kunyooka. Akasema, "Hapo chini kuna jiwe kubwa. Mtavunja majembe yenu." Wakakunja. Wakizidi kuchoka walimtania kwamba mtaro wake umelewa, unarudi nyumbani kwa kuyumba. Susu alicheka nao.

Hiyo kona ndiyo ilikuwa utoto wetu. Tulitengeneza meli za maganda ya mgomba, tukazipa majina, tukaziachilia pale juu mvua ikipungua na kukimbia kando yake tukipiga kelele. Zilikuja kwa kasi, halafu kwenye kona maji yalipunguza mwendo, yakazunguka, na meli zikageuka polepole kama zinaaga mtu. Iliyopita kona kwanza ndiyo iliyoshinda. Mimi sikuwa mtoto wa kuongea. Shuleni mwalimu akiuliza swali niliangalia chini ya dawati kana kwamba jibu limeanguka huko. Lakini kwenye mtaro nilipiga kelele na wenzangu na hakuna aliyenishangaa. Ndanu naye ana mashindano ya meli kwenye simu ya Baba. Zinaenda mbio sana, na kidole chake hakilowi.

Nilikuwa darasa la pili nilipoamua kuliona lile jiwe. Watoto walikuwa wamelifanya hadithi, mara ni jiwe la dhahabu, mara kuna nyoka chini yake. Siku moja ya kiangazi nilichukua kijiko cha chuma, nikaenda peke yangu kwenye kona, nikachimba upande wa migomba. Udongo ulikuwa laini. Nilichimba hadi mkono ukaingia mpaka kiwiko, na sikugusa jiwe. Ndipo nikasikia mkono mwingine umenishika begani. Susu hajawahi kunichapa, na hata siku hiyo hakunichapa. Alipiga magoti, akarudisha udongo wote kwa viganja vyake, akaupapasa mpaka ukalala.

"Hakuna jiwe," aliniambia. "Kuna mtoto. Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Kwa hilo mimi nilikuwa mtu sahihi.

Sasa turudi Jumatatu. Pamoja na yule wa rangi alikuwepo mama mmoja wa kuhesabu mali, mpole, na mabuti yaliyojaa tope na karatasi kwenye ubao. Alimweleza Baba kwamba kwetu hawakusumbuka sana kuchora. Palikuwa tayari na mkondo, maji yenyewe yamewaonyesha njia, kwa hiyo mtaro wa simiti utafuata huu wa zamani. Baba akamwambia huo mkondo si wa maji, ni wa mama yake na akina mama wenzake. Yule mama aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, na kuandika kitu. Nilifikiria lile beseni la mahamri. Kama Susu angeyaacha maji yaendelee kuingia kwa Bi Zuhura, labda ramani ingepita kwingine.

Halafu yule mama akauliza mbona pale kwenye migomba mtaro unapinda. Baba, kwa nia njema kabisa, akamwonya.

"Hapo kuna jiwe kubwa. Hata sisi lilitushinda."

"Usijali, mzee," akasema yule wa rangi. "Tutalipasua na mashine. Huu utaenda moja kwa moja."

Sindano ya Susu ilisimama ndani ya kyondo. Ni mimi tu niliyeona.

Wakaanza kuhesabu. Jiko, moja. Mpera, mmoja. Migomba, kumi na minne. Mipapai, mitatu. Ua wa mkonge, hatua kadhaa. Yule mama alikuwa akisoma kwa sauti na Baba akijibu, kama litania kanisani. Alipofika kwenye mstari wa makaburi katika karatasi yake akamgeukia Susu mwenyewe, kwa adabu, kwa sababu wazee ndio hujua.

"Susu, kuna kaburi hapa mbele?"

"Hakuna," Susu akasema.

Yule mama akacheka kidogo, akasema anashukuru, maana kuna mahali walienda wakakuta watu wamerundika udongo mbichi na kuupandia msalaba ili fidia iongezeke, na kaburi moja lilikuwa na gunia la makaa. Watu wote walicheka. Susu alicheka. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko wa maharagwe. Nikiongea sasa, nilifikiri, nitakuwa mtoto wa gunia la makaa. Nikanyamaza. Naandika hili bila kujitetea: nilinyamaza.

Aliacha karatasi tuipitie, akasema kesho saa mbili atapita kuchukua sahihi.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, nilimkuta Susu nyuma ya jiko akisokota katani juu ya paja lake. Nikaketi chini. Nikamngoja hadi akamaliza uzi mzima.

"Susu, kona itapasuliwa."

"Nimesikia."

"Mbona hukusema?"

Akachukua katani nyingine. Akaniambia polepole, nusu Kikamba nusu Kiswahili, kwamba zamani kwetu mtoto alipewa jina siku ya tatu. Kabla ya siku ya tatu alikuwa bado mgeni, hajawa wa watu. Mtoto wake alifika usiku wa mvua na akaondoka siku ya pili. Akina mama wawili walimsaidia kumlaza pale kwenye migomba, na hakuna aliyelia kwa sauti kwa sababu haikuruhusiwa. Hao akina mama wawili walishakufa hata kabla mtaro haujachimbwa. Msalaba haukuwekwa. Mwaka uliofuata akazaliwa Baba, na watu wakasema sasa Susu ana mtoto wa kwanza.

"Asiye na jina haandikwi," akasema. "Ningemwandikisha nani?"

Mimi najua kujificha nyuma ya kimya, nimefanya hivyo maisha yangu yote. Sikujua mtu anaweza kujificha humo na mtoto mgongoni, miaka zaidi ya hamsini. Nikamuuliza, na sijui nilitoa wapi sauti, kama angefika siku ya tatu angeitwa nani. Susu aliacha kusokota. Wasichana wa kwanza kwetu huitwa majina ya mama wa baba yao. Mimi ndivyo nilivyopata lake.

"Mwikali," akasema. Halafu akalirudia, hilo jina la mama mkwe wake, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Angekuwa Mwikali."

Hapo ndipo tuligundua Baba amesimama kwenye kona ya jiko na ndoo ya maji ya mbuzi. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Aliiweka ndoo chini.

"Mwaitu," akamwambia, yaani mama kwa Kikamba, "mimi nimekuwa kifungua mimba bure?"

Ilikuwa kama mzaha, lakini sauti yake ilikatika katikati. Susu akamwambia amsamehe. Baba akavua kofia, akatembea hadi kwenye migomba, akasimama hapo mpaka mbuzi wakaanza kumlilia maji. Mwanamume ambaye mchana alikuwa amewaonyesha pa kupasua.

Nimefikiria sana tofauti ya wakati ule na sasa. Watoto wa sasa watapata barabara ya lami na watafika shule na viatu safi, sisi tulibeba vyetu kwenye karatasi za plastiki. Bi Zuhura hatatoa godoro nje tena. Siwezi kusema hayo ni mabaya, nitakuwa mwongo. Lakini wakati ule kitu kikiuma kilizungukwa. Watu walikunja mtaro, wakaambiwa jiwe, wakaridhika na jiwe, na maji nayo yakapunguza mwendo hapo bila kuuliza. Sasa kila kitu lazima kiandikwe, na kisichoandikwa kinapitiwa juu. Ndanu hatajua meli inavyogeuka kwenye kona. Nilijaribu kumfundisha kutengeneza moja jioni hiyo hiyo. Akaniuliza inachajiwa wapi.

Asubuhi ya Jumanne niliamka mapema na kuchukua ile karatasi pale kabatini. Kwenye mstari wa makaburi palikuwa pameandikwa "hakuna." Nilikata neno hilo kwa rula, nisionekane nimechafua, nikaandika juu yake: "Moja. Mwikali, binti, siku mbili." Nikamsomea Susu. Akaomba nisome tena jina peke yake. Kisha akaweka kidole gumba kwenye wino na kukibonyeza, akakishikilia hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Yule mama alikuja saa mbili kasoro. Alisoma, akaniangalia, na nikaona anakumbuka utani wake wa jana. Hakuniita mwongo. Alisema tu mtaro wa simiti hauwezi kupinda, hilo asinidanganye. Ila tingatinga haliwezi kutangulia kaburi lililoandikwa. Tutapewa muda tumhamishe kwa heshima, na mchungaji kama tunataka. Kisha akauliza ni wapi hasa, kwa sababu yeye haoni kitu, anaona migomba tu.

Baba alikuwa kwa mbuzi. Susu alikuwa jikoni. Nilivua ndala, nikashuka ndani ya mtaro mkavu, nikaufuata hadi mahali meli zetu zilipokuwa zikigeuka, nikapiga magoti upande wa migomba na kuweka viganja vyote viwili juu ya udongo.

"Ni hapa," nikasema, kwa sauti ambayo Susu aliisikia jikoni.