Sitaonyesha Majibu Yangu

Nawasalimu nyote mnaosoma hapa. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, naishi na mama yangu huku Bunju. Si mwongeaji. Darasani likiulizwa swali ninalolijua, naandika jibu kwenye daftari badala ya kunyoosha mkono. Vijana wa mtaani wananiita Dokta kwa sababu ya vitabu. Kwa hiyo mkiona nimeandika yote haya, mjue yamenifika shingoni.

Mtaani tuna kikundi cha vijana. Tunacheza mpira, tunafanya usafi, tunafundishana kuhusu Ukimwi na namna ya kujikinga. Kiongozi wetu ni kaka mmoja tunayemheshimu sana, tunamwita Kaka Mlezi. Mwezi uliopita alileta wahudumu wa afya uwanjani, wakasimamisha hema, muziki ukapigwa, tukapima wengi. Maneno ya kuhamasisha wenzetu niliyaandika mimi. Dada aliyenipima alinieleza taratibu kwamba majibu ni yangu, nimwambie nimtakaye. Nilitoka pale najiona mtu mzima.

Jioni ile Kaka Mlezi akaweka picha ya kikaratasi chake cha majibu kwenye kundi letu la kuchati, akaandika, "Nimepima, niko safi. Zamu yako." Nia yake nadhani ilikuwa njema. Hadi kesho yake wengine wote waliopima walikuwa wameweka picha zao, tukabaki wawili: mimi na msichana mwingine, tumwite Zai.

Majibu ya Zai siyajui na sijamuuliza. Ninachojua ni kwamba nikiweka yangu, anabaki peke yake, na mtaa mzima utakuwa umeshamsomea majibu yake bila yeye kufungua mdomo.

Sijaweka.

Vijana wa kijiweni wakaanza. "Dokta, matokeo yako yamezuiliwa? Hukulipa ada?" Mwingine akadakia, "Muacheni bwana, anakata rufaa." Nilipita nimeinamisha kichwa kama kawaida yangu, ila sikubadilisha njia. Kesho yake nikapita hapo hapo.

Zai alinifuata shuleni wakati wa mapumziko. "We weka yako. Sijakutuma unibebe."

"Sikubebi."

"Sasa unangoja nini?"

"Singoji kitu. Sionyeshi tu."

Akanitazama, akacheka kidogo, akakaa. Tukala mihogo yetu na pilipili.

Kisha nikamfuata Kaka Mlezi uwanjani. Nikamwomba zile picha zifutwe.

"Dogo, mbona unaifanya ishu kubwa? Mie nawapa watu moyo."

"Kaka, mtu aliyekutwa na virusi na ameanza dawa, ni mchafu?"

"Sijasema hivyo."

"Umeandika uko safi."

Akapuliza filimbi, akarudi kwenye mazoezi. Picha bado zipo. Na wale ambao hawakupima siku ile, wengine wanasema wazi kwamba hema likirudi hawasogei. Kazi yote tuliyoifanya ya kuwatoa watu hofu, tumeirudisha wenyewe.

Ningevumilia hayo yote. Tatizo ni nyumbani. Sina simu, natumia ya mama, kwa hiyo kundi zima analiona.

"Mbona yako siioni?" aliniuliza huku anachambua mchele.

"Mama, hiyo ni siri."

"Siri na nani? Mie si mama yako?"

Nikamwambia, "Wewe nitakuambia, ila uniahidi hutamwambia mtu." Akaacha mchele. "Nikijua mie peke yangu itanisaidia nini, na watu ndio wanaosema?"

Amenilea peke yake na ninajua anaumia akisikia jina langu sokoni. Lakini ameshatoa neno: Jumamosi ananipeleka mwenyewe nikapime upya, na majibu atayarusha yeye kundini, yaishe.

Hayataisha. Yatakuwa yamehamia kwa Zai. Yeye naye ana mama, na mama yake naye anakwenda sokoni.

Ndiyo maana nimewaandikia. Nishaurini, hasa nyie wazazi: nimwambie mama maneno gani ayaelewe kabla ya Jumamosi, bila kumvunjia heshima? Sijawahi kumkatalia jambo maishani mwangu, na hili nitalikataa hata akinishika mkono hadi mlangoni. Ningependa nilikatae vizuri.

Ushauri wa kuweka picha ili mambo yatulie msinipe, nimeshaupata kwa watu wengi. Na nyie mtakaouliza kwenye komenti kama nina virusi au sina, sitawajibu. Nimepima, najua hali yangu, najua la kufanya. Kwangu hilo linatosha, na nyie nawaomba liwatoshe.