Kidole cha Peterson, Jina la Waithera

Vitambaa havijapangwa dukani, na tayari Waithera Muiruri anaitwa mwizi.

Anayemwita hivyo ni Peterson, kijana wa mtaa wa Kiamunyi, aliyeinyanyua PSP yake, mashine ya gemu ya mkononi, kama kuku aliyekufa. Juzi Waithera aliiwekea programu za kuigiza mashine za zamani, ili icheze gemu ambazo ukizitafuta madukani hapa Nakuru utazeeka. Leo hakuna hata moja inayofunguka.

"Uliitegea ife ili nirudi kukulipa," anafoka. Wapita njia wanasimama mlangoni.

Waithera, fundi wa simu na mashine za gemu, miaka ishirini na minne, hacheki. Kibanda chake cha kwanza kiliteketea Januari, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, na simu za wateja ndani. Nazneen, mwenye duka hili, alimpa nusu ya kaunta kwa sharti moja: asimletee kelele za kufukuza wanunuzi. Kaunta ikienda, kazi nayo imekwenda.

"Boss, hii mashine ilikuuliza kitu?" Waithera anamuuliza Peterson.

"Niliweka diski mpya, ikasema lazima iboreshwe kwanza. Sasa nani hukataa kuboreshwa?"

"Wewe. Nilikwambia ukatae. Gemu zako zimo humo humo, ni huko kuboreshwa kumezifungia mlango."

Kila wiki huletewa mashine tatu nne za namna hii. "Kidole ni chao, dhambi ni yangu," anasema kwa uchungu.

Nazneen ameshachoka. "Mtengenezee bure, aende. Nataka amani."

"Nitatengeneza, mama. Bure pia. Lakini ameniita mwizi mbele ya watu."

Anachomeka betri aliyoigeuza mwenyewe, ya kuamshia mashine zilizogoma, na kurudisha mfumo wa zamani. Kioo kinawaka, gemu zote zipo. Peterson ananyoosha mkono. Waithera haachilii.

"Basi, wewe si mwizi," Peterson ananong'ona.

Nazneen anaweka mkasi chini. "Kijana, ulipoingia nilikusikia nikiwa stoo. Tumia sauti ile ile."

Peterson anatazama mlangoni. Watu hawajaenda popote, wengine wameongezeka. Anakohoa.

"Huyu si mwizi. Ni mimi nilibonyeza."

Waithera anamkabidhi mashine. Hasira haijamtoka, na haombi radhi kwa hilo.

"Mwakani nataka chumba changu cha kazi, hata kama ni huko huko Kiamunyi kwao huyu," anamwambia Nazneen, akivuta mashine nyingine. "Na mtu wa kwanza kuniita mwizi, nitamfungia mlango mimi mwenyewe."