Nilisimama kwa geti la shule nikasahau jina la binti yangu

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka. Leo naandika yangu, na sitatia chumvi, maana yalivyo yanatosha.

Mimi ni mekanika hapa Gatitu, miaka thelathini na nne. Bangi nilianza form two. Nilikuwa navuta asubuhi kabla ya kufungua garage, navuta tena jioni nikifunga. Mtu akiniambia itaniharibu kichwa, namcheka.

Ilianza polepole. Naenda kuchukua spana, nikifika nasahau nimeendea nini. Nikasema ni stress. Wavutaji wenzangu mnaujua huo uongo.

Sasa, sisi Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Wangu ana jina la mama yangu, cucu yake. Ndiyo maana simuiti kwa jina. Namuita Maitu, yaani mama.

Mwezi uliopita mke wangu alikuwa kwao Kiganjo, nikaenda kumchukua mtoto shuleni. Getini kulikuwa na mwalimu mgeni.

"Umekuja kuchukua nani?"

"Maitu."

"Hiyo si jina. Mtoto yako anaitwa nani?"

Wakuu, kichwani hakukuwa na kitu. Nilitafuta jina la mtoto, nikatafuta la mama yangu mzazi, na ni jina lile lile moja. Mwalimu akaangalia macho yangu mekundu, akamwita soja wa geti.

Mtoto akaja mwenyewe na begi lake. Ana miaka saba. Akamwambia mwalimu bila kushtuka, "Huyu ni baba yangu. Huwa anasahau tu."

Hapo ndipo niliumia kabisa. Alikuwa ameshazoea.

Nilienda hospitali. Daktari hakuniapia kwamba ni bangi peke yake. Alisema kuvuta kila siku tangu ujana kunaumiza kumbukumbu, na yangu huenda isirudi yote. Nimeacha, hii ni wiki ya nne. Usingizi hakuna, na nina hasira za bure.

Vijana, hiyo "ni majani tu" nimeisema kuliko ninyi. Acheni mapema. Na kama kuna mtu humu aliacha akili ikarudi, aniambie ilichukua muda gani. Matusi pia nitasoma.

Siku hizi Maitu akivaa viatu asubuhi huniambia, "Naitwa Wangechi, kama cucu."

Namjibu kwamba najua. Siku zingine huwa najua.