Mama Wanga na Shuka la Jumamosi

Shangazi yangu ana jina ambalo mtaani kwetu linawachekesha wakubwa na kuwatisha watoto: Mama Wanga. Wakubwa wanajua limetoka kwenye wanga anaotia nguo, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ya moto mpaka unakuwa kama uji mwepesi. Shuka likichovywa humo na kupigwa pasi linasimama kama kadi. Watoto wao wanajua wanga wengine, wale wa usiku, wanaotembea uchi na kugonga mapaa ya watu. Shangazi mwenyewe husema, "Mimi na wale hatuna undugu. Wao hawana hata kanga, mimi nguo zimenijaa mpaka mlangoni."

Ni dobi wa nyumba ya wageni. Chumba chake cha kazi kiko uani, mgongoni mwa jiko. Kina makaro mawili ya saruji, bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji, meza ndefu ya pasi iliyovishwa blanketi lililoungua hapa na pale, na rafu zinazopanda mpaka darini. Nilipohamia kwake kwa sababu ya shule, nilikuwa nikitoka darasani napitia huko, nakaa juu ya kapu la taulo na kuuliza maswali.

"Wewe mdomo wako haujui Jumapili," alikuwa ananiambia. Lakini alijibu.

Niliuliza kwa nini kila kitanda kina mashuka matatu. Akasema moja limelala na mgeni, moja liko majini, la tatu linapumzika rafuni.

"Linapumzika?"

"Ee. Wewe ufuliwe asubuhi, utandikwe jioni, kila siku ya Mungu, utafika wapi?"

Ndiyo maana shuka lililotoka kwenye pasi aliliweka chini kabisa ya rundo, si juu, ili yote yapate zamu. Tundu alilishona kabla nguo haijaingia majini, kwa sababu maji, alisema, ni kama mmbeya: yakikuta kitundu hayakiachi mpaka kiwe dirisha. Dawa ya kung'arisha aliiita sumu tamu, akaitumia kwa kijiko. Taulo hakuzitia wanga kamwe, maana taulo ngumu, alisema, mgeni hajifuti bali anajikwangua. Na kila alipotandika alilipindua shuka, upande wa kichwani ukaenda miguuni. Mtu hulala palepale, akanieleza. Bega palepale, nyonga palepale, na shuka huisha palepale. Ukilipindua linaisha lote pamoja, kwa haki.

"Shuka la wageni halitakiwi kumjua mtu," alisema.

Lakini sheria iliyozizidi zote ilikuwa hii: kinachoua shuka si kulaliwa, ni kufuliwa. Kila fuo, yaani kila mara linapofuliwa, linaondoka na nyuzi zake. Angalia maji ya kusuuzia, yale manyoya madogo yanayoelea, hizo ni siku za shuka zinakwenda na maji.

Sasa mtu mwenye sheria hiyo, nyumbani kwake, kila Jumamosi alifua shuka ambalo hakuna aliyelilalia.

Nyumba yake ina vyumba viwili. Kimoja tulilala mimi na yeye. Cha pili ni cha mwanawe, ambaye mimi namwita Kaka Mrefu kama mtaa mzima ulivyomwita. Aliondoka na begi moja kutafuta kazi mbali, kabla sijahamia. Miezi ya mwanzo simu yake iliita. Baadaye ikawa inasema namba haipatikani. Ndiyo hali mpaka leo. Hakuna aliyeleta habari ya kifo, hakuna aliyeleta habari ya uzima. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, shuka limenyooka kama karatasi ya mtihani, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia hata kufunga viatu. Jumamosi lilitolewa, likafuliwa peke yake, likatiwa wanga, likaanikwa, likarudi.

Watoto wa jirani walisema humo analala jini. Mimi sikuamini, ila ukipita pale mlangoni ulikuwa unapunguza sauti bila kuambiwa.

Fundi cherehani, ambaye kibanda chake kinatazamana na kamba yetu ya nguo, alikuwa na mzaha wake wa kila wiki. "Mama Wanga! Huyo mgeni wako analipa kweli? Mbona sijamwona akitoka?"

"Analipa kuliko wewe ulivyolipa suruali niliyokunyooshea, Fundi."

"Basi mwambie aje nimpime suti."

Shangazi alicheka. Kisha alisimama nyuma ya shuka, jua likiwa upande wa pili, akabaki hapo. Kwa muda mrefu. Hata vibanio alivisahau mkononi.

Jumamosi moja sikuweza kuvumilia. "Shangazi, si umesema kufua ndiko kunakoua? Hili halichafuki. Kwa nini unaliua?"

Nilidhani atanifokea. Akanivuta mkono. "Njoo usimame nilipo. Usiangalie shuka. Angalia jua."

Niliangalia.

Mle ndani ya shuka mlikuwa na mtu. Jua lilipita kwa nguvu pale kitambaa kilipokuwa chembamba, na wembamba ule ulikuwa na umbo: bega moja pana, mgongo uliojikunja kidogo, nyonga, goti, na chini kabisa, karibu na pindo, visigino viwili. Upepo ulipovuta, alijigeuza. Naapa alijigeuza kama mtu anayekataa kuamshwa. Wanga ulikuwa umelikausha shuka, likawa linagonga kamba kwa sauti kama kitanda kinacholia.

"Alikuwa mvivu wa kutandika," Shangazi alisema. "Nikimwambia lipindue, anasema kesho. Miaka na miaka, kesho. Nikawa namgombeza kwamba ataniharibia shuka." Aliligusa bega kwa ncha ya kidole. "Picha zake ninazo za shule, amekaza uso. Hii ndiyo amelala. Hii ndiyo yeye."

Nikaelewa kwamba hakuwa akilifua ili liwe safi. Mtu huwezi kuanika shuka kavu kila wiki mbele ya majirani bila sababu. Kufua kulikuwa kibali cha kuanika, na kuanika ndiko kulikompa dakika zake na mwanawe.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi nami nilisimama pale. Fundi akauliza kama sasa jini lina mke.

Kitu nilichokigundua kilinitisha kuliko lile umbo lenyewe. Mwanzoni nilifikiri macho yangu yamezoea. Goti lilikuwa halionekani vizuri. Kisha mgongo. Nilidhani shuka linapona, wazo la kijinga. Ndipo nikakumbuka yale manyoya kwenye maji ya kusuuzia. Kila fuo lilikuwa linakula shuka zima, penye mtu na pasipo na mtu, na sehemu zilizokuwa nene zilikuwa zinakonda zimfikie yeye. Siku shuka lote likiwa jembamba sawasawa, hatakuwepo. Jua litapita kila mahali.

Na anayemfuta ni mama yake, kwa kumtazama.

Nilimwambia, kwa kuzungukazunguka. Nikasema labda tulikunje, tuliweke.

"Shuka lililokunjwa miaka linakatika kwenye mkunjo," akanijibu. "Na nikiliweka kabatini nitamwona vipi?"

"Basi mara moja kwa mwezi."

"Wewe mamako unamwona mara ngapi kwa mwezi?"

"Likizo tu, Shangazi."

"Na inakutosha?"

Alichokifanya badala yake ni kuongeza wanga. Aliukoroga mzito, kama gundi, ili nyuzi zishikane. Mtu ambaye nyumba nzima ya wageni inamtegemea kwa kipimo, nyumbani kwake alikuwa anamimina kwa macho. Shuka likawa gumu kama ubao. Likianikwa lilisimama lenyewe.

Likapasuka Jumamosi yenye jua kali. Sikusikia upepo. Nilisikia mlio mkavu, kama mtu anayevunja kijiti, na Shangazi akasema "Ah!" kama aliyechomwa. Mpasuko ulikuwa umeanza usawa wa bega, ukashuka urefu wa kiganja.

Fundi alitoka kibandani, akiwa bado na uzi mdomoni. Aliangalia, akautoa uzi. Safari hii hakutania.

"Dada," alisema, na sikuwahi kumsikia akimwita hivyo, "hili linaponyeka. Wewe mwenyewe unajua kuliko mimi. Lipasue katikati, kingo zilete ndani, katikati ipeleke nje. Litadumu."

Mimi sikuelewa, akanionyesha kwa karatasi. Shuka huisha katikati, kingo hubaki nzima kwa sababu hakuna anayezilalia. Unaligawa mara mbili kwa urefu, unaunganisha zile kingo nzima ziwe katikati mpya, na pale palipochoka panakuwa pembeni, panapochomekwa chini ya godoro. Shangazi alikuwa ameyafanyia hivyo mashuka mengi ya wageni. Lakini kwa hili maana yake ilikuwa kumpasua Kaka Mrefu katikati ya mgongo, nusu moja kulia kabisa, nyingine kushoto kabisa. Akiliacha, fuo la pili au la tatu litalimaliza lote.

"Niache nifikiri," Shangazi alisema.

Alifikiri akiwa amesimama mahali pake, jua mbele. Fundi akarudi nyuma kidogo kwa heshima. Kisha Shangazi akaniita bila kugeuka.

"Macho yako mazima. Simama hapa."

Nikasimama.

"Unaona nini? Na usinionee huruma."

Nilitafuta bega. Nilitafuta visigino karibu na pindo, pale nilipokuwa navijua. Nilipiga hatua kushoto, kulia. Kati ya ukingo na ukingo shuka lote liling'aa namna moja.

"Naona jua, Shangazi."

Alitikisa kichwa polepole, kukubali. "Mimi naona jua tangu mvua zilizopita. Nilikuwa nasema labda ni miwani."

"Ulikuwa unasimama hapa na huoni kitu?"

"Nilikuwa naona mahali alipokuwa."

Akaliosha litoke wanga wote kwa maji ya vuguvugu, likalegea, likawa laini mpaka nikashangaa kwamba chini ya ule ubao kulikuwa na kitu laini hivyo. Lilipokauka alilitandaza juu ya meza ya Fundi, akakata kidogo kwa mkasi kwenye pindo, halafu akaweka mkasi chini. Kitambaa kikipasuliwa kwa mikono hufuata uzi wake, hakipindi. Alishika pande mbili, akavuta.

Ule mlio sitausahau. Ulikuwa mrefu, ulioanza chini na kupanda, na mtaa wote ulikuwa kama umesimama kuusikiliza. Watoto waliokuwa wakicheza kwenye mchanga waliacha. Mmoja akauliza, "Nani analia?" Mwenzake akamwambia, "Nguo." Lakini hakuonekana kuamini jibu lake mwenyewe.

Fundi alitaka kushona, akakataliwa. Alishona Shangazi mwenyewe kwenye cherehani ya Fundi, mguu wake ukikanyaga taratibu, mshono bapa usiomuumiza mtu mgongoni. Mtu gani, sikuuliza. Kisha akakunja kingo mpya akazipiga pindo.

Tulikwenda chumbani kwa Kaka Mrefu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti kile. Harufu yake ilikuwa ya sabuni tu. Tukalitandaza, mshono ukaenda katikati sawasawa, kutoka kichwani hadi miguuni, kama njia ya mtu mmoja.

"Shika upande wako. Vuta. Chomeka."

Nilichomeka upande wangu, nikaona ile sehemu nyembamba ikiingia gizani chini ya godoro. Upande wa pili Shangazi naye alikunja kona kwa ustadi wake ule wa wageni, akachomeka. Alipofika usawa wa bega, mkono ukazama mpaka kiwiko. Haukutoka.

Nilingoja. Alikuwa amepiga magoti, shavu karibu liguse kitanda, vidole vyake viko huko chini nisikoweza kuona, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza. Godoro upande wake lilikuwa limebonyea kidogo. Labda ni kiwiko.

"Wewe," akasema kwa sauti ndogo, ile unayotumia penye aliyelala. "Nenda kaanue nguo nje. Mvua hiyo."

Nikatoka. Hapakuwa na wingu hata moja. Nikaanza kuanua, kibanio kimoja kimoja, bila haraka.