Da Hun Agawa Kumbukumbu

Da Hun hakujaliwa kusema hapana. Nyumbani kwake, katika mji wa Madou, alimpakulia wali mumewe, akawapakulia wanawe, kisha yeye akakwangua ukoko. Na seva ya ushirika wa wakulima wa mabalungi aliiendesha vivyo hivyo.

Seva ilikuwa moja, nayo imebeba mashine pepe tatu, yaani kompyuta za kuigiza ndani yake: ya oda, ya mizani na ya usafirishaji. Kila moja hupewa fungu lake la kumbukumbu, ile nafasi kompyuta inayofanyia kazi, na seva hujibakizia kidogo ya kuendeshea mambo yake. Sikukuu ya Mwezi ilipokaribia, kila idara ikaja kubembeleza.

"Da Hun, niongezee kidogo tu, nitakuletea balungi," akasema Kok-bing wa mizani.

"Mabalungi tunayo mpaka kwenye ndoto! Haya, chukua."

Akagawa weee, hata seva yenyewe ikabaki mikono mitupu.

Asubuhi ya kufungua oda, kila kitu kikaganda. Mabalungi yamejaa ghalani, na sikukuu ikishapita hayana mnunuzi. 

Meneja Khoo akakimbilia chumba cha seva. Juu ya seva, mahali pa ile pakiti ya kijani ya bisi inayowekwa, kwa imani ya watu, ili mashine itulie, palikuwa na ya manjano, ya nuksi.

"Nani kaweka ya manjano? Mnataka kutuua?"

"Za kijani ziliisha dukani, bosi," Kok-bing akanong'ona.

"Tafuta duka jingine! Mbio!"

Da Hun akaketi kwenye kiti chake. Pakiti haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa lake, na aliona aibu. Akaizima seva, akaiwasha, akaitengea fungu lake kwanza, kisha akazigawia mashine pepe kilichobaki. Kok-bing akarudi anahema, akaiweka pakiti ya kijani, na muda huohuo oda zikaanza kumiminika.

"Si nilisema!" Khoo akapiga makofi.

"Ulisema, bosi. Ila kumbukumbu nimezipunguza kote. Mkija kuomba tena, sina."

 Da Hun akacheka mpaka machozi yakamtoka, kwa raha ya neno lile la kukataa, alilolisema kwa mara ya kwanza maishani.

Jioni akafunua sufuria, akajaza bakuli lake kwanza, wali mweupe wa juu. Mumewe akakodoa macho.

"Mama watoto, leo ukoko atakula nani?"

"Anayeuliza," akasema Da Hun, akaanza kula.