Mashua Iliyolala Kushoto

Mashua yetu ilianza kulala upande wa kushoto mara tu baada ya mume wangu kugombana na mtoto wa ami yake. Walikuwa wakivua pamoja hapa Sabaki, wakaachana kwa maneno makali, na jamaa yule akarudi kwao Matsangoni. Basi kila asubuhi tulipokuta maji yamejaa kwenye ngama, kule chini ndani yanakojikusanya, mume wangu alisema neno lile lile: "Mkono wa mtu huu."

Alisogeza farumi, yale mawe ya kukipa chombo uzito, akayapeleka kulia. Mashua ikasimama sawa kutwa, kesho yake ikalala tena. Akanituma Matsangoni.

"Kamjulie hali tu. Lakini mtazame usoni."

Nilikwenda na mkate wa sinia. Mkewe aliupokea mlangoni, akaunusa, akaufunika tena. Ndani hakunikaribisha. Jamaa akatoka akijifuta mikono.

"Shemeji, salama huko?"

"Salama."

"Na mashua, bado inalala kushoto?"

Sikuwa nimetaja mashua.

"Umejuaje?"

"Pwani nzima wajua. Mwambie aipweleze mchangani, atazame mbao za chini kando ya mkuku. Nilimwambia kabla hatujagombana, akaniona namtia hofu."

Njia nzima niliwaza: mbona jibu alikuwa nalo tayari?

Maji yalipokupwa, mashua ikabaki mchangani imelala ubavu. Mume wangu alikwangua deheni, yale mafuta na chokaa yaliyopakwa chini. Ubao mmoja, pale pale ulipoungana na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo, ulikuwa umetobolewa na wadudu wa baharini. Ukiubonyeza, kidole kinazama. Alama ya patasi hatukuiona.

"Si mtu, basi," nikasema.

Jioni mume wangu akampigia simu jamaa yake.

Jamaa alikuja na pamba na nyundo yake ya kalafati, ya kushindilia pamba kati ya mbao. Alitia ubao mpya, akaziba nyufa zote. Mume wangu alichuchumaa mchangani, macho kwenye mikono ya mwenzake.

"Tazama vizuri, ndugu yangu," jamaa akasema, "usije ukadai nimeacha tundu."

Mume wangu hakucheka. Mashua ilielea sawa, na siku hizi wanavua pamoja tena. Ila yule mke wa jamaa hajatia mguu kwangu mpaka leo.